Tope la Rwenzori, Vumbi la Kilimanjaro: Hotuba kwa Wapandaji Wapya

Wazee wetu, kina mama, vijana mliotoka Kampala, Mbale na Arua, na ninyi wageni wetu mliovuka mpaka kuja Kasese, karibuni. Tumekubaliana leo tuzungumze Kiswahili kwa sababu humu ukumbini kuna Mkonzo, Mgisu, Mganda, Mlugbara na Mchaga, na kila mmoja akishika lugha ya kwao hatutafika mbali. Tena Kiswahili hiki hiki ndicho mtakachokitumia mkifika Moshi, chini ya Kilimanjaro, au Naro Moru, chini ya Mlima Kenya.

Tutawaambia jambo moja kubwa, na mengine yote yatatoka humo. Maandalizi ya mlima mmoja hayatoshi kwa mlima mwingine. Mtu amefika Kilimanjaro, amepiga picha kwenye kibao cha Uhuru, mita 5,895, anakuja hapa akidhani Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, ni mchezo kwake. Anakuja na buti zake za ngozi, na siku ya tatu buti zimekunywa maji, miguu imekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mwingine amezunguka Rwenzori siku nane, amekomaa kwa tope, anakwenda Kilimanjaro na kununua safari ya siku tano kwa kuwa ni ya bei ndogo. Anafika kambi ya Kibo na kichwa kinachopasuka. Rwenzori inamshinda mtu kwa maji. Kilimanjaro inamshinda kwa haraka. Wote wawili walikuwa na nguvu za kutosha, ila walijiandaa kwa mlima ambao hawakuwa juu yake.

Kwa hiyo tuanze na maji, kwa kuwa tuko nyumbani.

Hifadhi ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingia katika Urithi wa Dunia. Huku mvua haina adabu ya msimu. Tunasema kiangazi ni Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti, na ndiyo miezi ya kuja. Lakini kiangazi cha Rwenzori maana yake ni kwamba mvua inanyesha alasiri badala ya kunyesha kutwa. Mzunguko wa kati unaanzia Nyakalengija, mita 1,646. Usiku wa kwanza unalala Nyabitaba, mita 2,651. Wa pili John Matte, mita 3,414. Wa tatu Bujuku, mita 3,962. Wa nne Elena, mita 4,541, chini ya barafu ya Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita. Ukishuka unapitia Kitandara, halafu Guy Yeoman, unarudi Nyabitaba. Njia ya pili inaanzia Kilembe, ni ndefu zaidi, na inapandisha taratibu zaidi. Kuanzia John Matte unaingia kwenye matindiga ya Bigo, na baadaye ya Bujuku. Pametandikwa mbao sehemu kadhaa. Pasipo mbao unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine, na ukikosea unazama hadi gotini.

Ndiyo maana kiatu cha Rwenzori ni gambuti. Wageni hucheka wakiona mpagazi na gambuti za shambani, halafu siku ya pili wanauliza kama kuna namba yao. Lakini gambuti nayo ina elimu yake. Ukinunua namba yako ya kawaida, vidole vitagonga mbele wakati wa kushuka na kucha zitageuka nyeusi. Chukua namba moja zaidi. Ndani weka soli ya pili ya sufi au ya kitambaa kizito, kwa kuwa soli ya gambuti ni nyembamba na mawe utayahisi moja moja. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito ya sufi juu yake, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi, usiwe kati ya soksi na ngozi. Soksi ya juu iwe ndefu kupita mdomo wa gambuti, maana ule mdomo wa mpira unakata ndama ya mguu polepole, na utautambua jioni. Halafu shuka ngazi ukiwa umezivaa. Kisigino kikipanda zaidi ya upana wa kidole kimoja, gambuti ni kubwa mno, utapata malengelenge kabla ya Nyabitaba.

Suruali ya mvua ivaliwe nje ya gambuti. Ukiichomeka ndani, kila tone linalotiririka kwenye paja linaishia kwenye soksi, na kutwa nzima utatembea umebeba ndoo mbili.

Hata hivyo gambuti haiendi kila mahali. Kwenye mawe yenye kuvu inateleza. Kwenye barafu haifai kabisa, kwa sababu kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, yanahitaji soli ngumu isiyopinda. Ukiyafunga kwenye gambuti yatachomoka mguuni pale pale mteremkoni. Buti ngumu hubebwa ndani ya mfuko usiopitisha maji hadi Elena, na hazivaliwi kabla. Pale ndipo unapohitaji pia kamba, mkanda wa kiunoni wa kujifungia, kofia ngumu na shoka la barafu. Mnatoka usiku, saa nane au saa tisa, barafu ikiwa bado imeshikana na kabla mawingu hayajafunika kilele. Kila mtu anafungwa kwenye kamba moja na mwongozaji, na kamba haiachwi ilegee ikaburuzika, maana kamba iliyolegea inakamata mtu baada ya kuwa ameshachukua kasi. Kama hujawahi kufunga kramponi, omba ufundishwe hapa chini mchana, ukiwa na vidole vya joto. Kufunga mkanda wa kramponi gizani, na glavu mkononi, kwa mara ya kwanza, kunachelewesha kundi zima nusu saa, na nusu saa hiyo watu wanaganda wamesimama.

Na barafu yenyewe inaondoka. Mwaka 1906, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia aitwaye Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipofika vileleni, barafu ilifunika kiasi cha kilomita za mraba 7.5 juu ya milima sita. Ilipofika 2005 ilikuwa imebaki kama 1.5, juu ya milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Kwa mpandaji maana yake ni hii: maelezo ya njia ya Margherita yaliyoandikwa miaka kumi iliyopita hayana kazi. Mahali palipokuwa na barafu ya kupita sasa pana mwamba mtupu unaoteleza, nyufa zimefunguka, na kamba au ngazi huhamishwa. Mwulize mwongozaji aliyepanda mwezi huu, msiulize simu.

Mito nayo. Mvua ya usiku mmoja juu inaweza kuugeuza mto uliokuwa wa kuruka jiwe kwa jiwe ukawa hauvukiki. Watu wa Kilembe wanaijua Nyamwamba, walivyoiona Mei 2013 na tena Mei 2020 ikibeba magogo na mawe ya ukubwa wa gari. Pasipo daraja, mkikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa na mnasikia mawe yakigongana chini, msivuke. Ngojeni. Mto uliofura kwa mvua ya mlimani mara nyingi hupungua baada ya saa chache mvua ikikatika, kwa hiyo kinachowapata watu wengi ni ratiba tu, wanaogopa kuchelewa chakula cha jioni.

Sasa nguo. Wengi wenu mtanunua mivumba, yaani mitumba, katika soko la Owino kule Kampala, na hatuoni aibu kusema hivyo. Mivumba ya Owino ina majaketi ambayo dukani Ulaya yangegharimu mshahara wa mtu. Ila mjue kuchagua. Koti la mvua ligeuzeni ndani nje. Ukiona ungaunga mweupe au magamba yanayobanduka, utando wake umekufa na hakuna dawa. Angalia utepe ulioziba mishono. Ukiwa umeinuka mahali hata pamoja, maji yataingia pale pale, na mara nyingi ni begani ambako shanta inakandamiza. Mwagia maji kidogo begani, hesabu dakika mbili, pitisha mkono ndani. Nje kuloa na kuwa nyeusi si kasoro kubwa, kuna dawa za kupulizia za kurudisha hali hiyo. Ndani kukiwa na ubaridi wa unyevu, liache.

Buti za mivumba ndizo zenye mtego mbaya zaidi. Kati ya soli ya chini na ngozi mara nyingi pana tabaka laini la povu. Povu la aina fulani huoza kwa unyevu wa hewa hata kama buti hazijavaliwa, ziko tu kwenye boksi. Kwa macho buti ni mpya kabisa. Bonyeza lile tabaka kwa ukucha wa dole gumba, kisha pinda buti kwa nguvu mara kumi. Likipasuka nyufa ndogo ndogo au likimung'unyuka kama keki iliyokauka, soli itabanduka siku ya pili, na itabanduka zote mbili kwa kupishana siku moja, kwa kuwa zina umri mmoja. Mfuko wa kulalia nao: wa manyoya ya bata ni mwepesi na wa joto, lakini ukiloa unakuwa karatasi. Kwa Rwenzori chukua wa nyuzi za kutengenezwa, unaofaa baridi ya nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri. Kwa Kilimanjaro, ambako ni pakavu zaidi, wa manyoya unatosha sana.

Pamba iacheni Kampala. Fulana ya pamba ikilowa jasho inabaki baridi mwilini masaa mengi, na hiyo ni pamoja na jinzi, ambayo bado tunaiona getini kila msimu. Ndani vaa sufi nyembamba au kitambaa cha michezo, katikati sweta ya fliisi, juu koti la mvua. Na sheria moja isiyo na mjadala: seti moja ya nguo na soksi ni ya usingizi, haitoki kwenye mfuko wake hata kama asubuhi zile za kutembelea ni mbichi na zinakera. Asubuhi utavaa soksi mbichi. Ndiyo. Dakika kumi za kwanza utaulaani mlima, halafu zitapata joto la mguu. Anayevaa soksi kavu asubuhi hana soksi kavu jioni, na mguu usiokauka hata saa sita kwa siku huanza kufa ganzi, kuvimba, na kubanduka ngozi.

Ndani ya shanta tandika mfuko mkubwa wa nailoni, vitu vyote viwe ndani yake, kwa sababu kifuniko cha nje cha shanta hakizuii maji yanayotiririka mgongoni. Hapa kwetu kaveera nzito inatosha. Lakini mkienda milima ya jirani, kumbukeni Rwanda, Kenya na Tanzania zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na mpakani mtu anaweza kunyang'anywa. Kwa safari hizo nunueni mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji. Vivyo hivyo chupa za maji za plastiki za kutupa haziruhusiwi ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro.

Tukitoka kwenye maji tuje kwenye haraka.

Hewa ya Margherita ina mgandamizo wa zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani, na ya Uhuru ni karibu nusu kamili. Mwili unaweza kuizoea, lakini unazoea kwa siku, na kinachohesabika ni urefu unaolala kuliko ule unaofika mchana. Kanuni inayotumika na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja. Chukueni kalamu mpige hesabu ya njia zenyewe. Marangu, kule Kilimanjaro: Mandara mita 2,700 hivi, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku umepanda mita elfu moja! Ndiyo maana safari ya siku tano ya Marangu ni rahisi mfukoni na ghali kichwani. Ongezeni siku ya kupumzika Horombo, na siku hiyo msilale kibandani, tembeeni hadi mita 4,000 na ushei, mrudi. Njia ya Machame ina akili zaidi: mnapanda hadi Lava Tower, mita 4,630, mnakula chakula cha mchana pale vichwa vikiuma kidogo, kisha mnashuka kulala Barranco, mita 3,960. Panda juu, lala chini. Kwa siku saba njia hiyo inafaa watu wengi.

Na Rwenzori yetu? John Matte hadi Bujuku ni mita 548, Bujuku hadi Elena mita 579. Zote zimezidi kidogo. Kwa hiyo anayetoka Kampala moja kwa moja, na Kampala iko mita 1,200 tu, aongeze usiku mmoja John Matte au Bujuku. Gharama yake ni siku moja ya mpagazi na chakula.

Mlima wa kuanzia, kwa maoni yetu, ni Elgon. Wagagai ina mita 4,321, lakini kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri unalala kambi ya Sasa, mita 2,900, kisha Mude, mita 3,500. Kilele unakifikia na kurudi kulala Mude. Mwili unaonja zaidi ya mita 4,000 bila kulazimika kulala huko. Hakuna kamba wala barafu, ila kuna ile miamba ya Mudangi yenye ngazi siku ya kwanza, inayowafanya watu watamani kurudi Mbale. Njia za Sipi na Piswa ni laini zaidi na ndefu zaidi. Epukeni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ardhi ya miteremko ile huporomoka, na Bududa haijasahau Machi 2010. Kule Kisoro, Muhavura ni mita 4,127 kwa siku moja, kupanda na kushuka. Ni zoezi zuri la magoti, lakini kwa kuzoea hewa halikusaidii, kwa kuwa jioni umerudi chini. Sabyinyo ina ngazi nyingi na kilele ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Asiyependa kuona bonde chini ya miguu yake aende Gahinga.

Dalili sasa, na hapa tunaomba simu ziwekwe chini. Kichwa kinauma, na pamoja nacho pana lolote kati ya kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa mlima hadi ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi. Kunywa maji, meza parasetamoli, lala hapo ulipo. Asubuhi ikiwa umepona, endelea. Ikiwa imezidi, shuka. Hatari zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni maji kwenye mapafu: mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo imebadilika rangi. Ya pili ni uvimbe wa ubongo: anaongea ovyo, anayumba kama aliyekunywa waragi. Mjaribuni kwa kumtembeza hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, anashuka usiku huo huo, mita 500 hadi 1,000 au hadi dalili zipungue, na hashuki peke yake. Msingoje kupambazuke wala msihesabu helikopta. Kwenye mabonde yale yenye ukungu, machela na mabega ya wapagazi ndiyo gari la wagonjwa. Mara nyingi mgonjwa ndiye atakayekataa kushuka, kwa sababu ubongo unaotakiwa kuamua ndio wenye ugonjwa.

Kuna dawa ya kuzuia, asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, ikianzwa siku moja kabla ya kupanda. Inaongeza mkojo na vidole vinawashawasha, msishtuke. Anayedhurika na dawa za salfa kama Septrin azungumze na daktari kwanza. Na dawa hiyo husaidia mwili kuzoea. Haimpi mtu ruhusa ya kuruka kambi.

Mambo mawili yanatuhusu sisi wa Uganda zaidi kuliko yanavyowahusu waandishi wa vitabu vya Ulaya. La kwanza ni malaria. Homa, kichwa, kutapika: ukiwa mlimani vinafanana na ugonjwa wa mlima. Mbu aliyekuuma Kampala wiki iliyopita anaweza kukulaza Bujuku leo. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria na dawa yake. Ugonjwa wa mlima wa kawaida hauleti homa kali. La pili ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Lakini hata mwenye kubeba chembe ya urithi tu, ambaye hajawahi kuugua maishani, anaweza kupata maumivu makali ya bandama, juu kushoto chini ya mbavu, kwenye urefu mkubwa. Kwa watoto wachanga waliopimwa nchini, kama asilimia 13 walikuwa na chembe hiyo, kwa hiyo humu ukumbini wapo, na wengi hawajui. Kipimo kinapatikana hospitalini. Pimeni kabla ya kulipa safari.

Hiyo waragi tuliyoitaja: haipashi joto. Inafungua mishipa ya ngozi, joto la ndani linatoka nje, unajisikia vizuri huku unapoa.

Chakula tutapita upesi, ila kuna kosa moja linarudi kila msimu. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85 pale Elena, si 100. Maharagwe makavu hayaivi, hata mkikesha nayo. Mtamaliza gesi na kula changarawe. Maharagwe yaivishwe chini, yakaushwe au yabebwe ya kopo. Karanga za kusaga, mukene (dagaa), chapati zilizopikwa Kasese, uji na sukari nyingi ndivyo vinavyoliwa kweli. Juu ya mita 4,000 hamu ya kula inapotea, basi bebeni vitu ambavyo mtu anavipenda nyumbani. Huko si mahali pa kujifunza vyakula vya kopo vya kigeni. Maji ya kunywa lita tatu kwa siku, na vidonge vya klorini kwenye maji ya baridi kali vipewe saa nzima badala ya nusu saa. Usiku pindueni chupa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu, na asubuhi kifuniko kitafunguka. Betri za tochi zilale nanyi ndani ya mfuko. Na miwani ya jua si ya mapambo: theluji inachoma macho ya mtu mweusi sawasawa na ya mzungu, na midomo vilevile.

Kuhusu mazoezi, mwanamume mmoja wa Uskochi aitwaye Naismith alitoa kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Nyakalengija hadi Nyabitaba ni kilomita 10 na mita elfu moja za kupanda, kwa hiyo kanuni inasema saa tatu na dakika arobaini. Watu wanatumia tano hadi sita. Kanuni ile ilitungwa bila mizizi ya kwetu wala tope la kwetu. Rwenzori zidisheni kwa moja na nusu. Mazoezi yenyewe yanaanza kwa kuachana na boda-boda. Wiki nane, mara tatu kwa wiki, pandeni vilima vya Kampala au ngazi za ghorofa mkiwa na shanta, muanze na kilo tano mfike kilo kumi. Chupa za maji ndizo mzigo mzuri, mnazimwaga juu kabla ya kushuka kama magoti yanalalamika. Lakini msizimwage kila mara, kwa sababu kushuka ndiko kunakovunja watu. Kupanda hakuifundishi misuli ya mapaja kazi ile ya kukuzuia usianguke. Juu ya mlima, mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika. Pumziko liwe dakika tano. Yakizidi dakika kumi mwili unapoa na kuanza upya ni adhabu.

Magongo ni mawili, urefu wa kiwiko kilichokunjwa sawa. Wakati wa kushuka yarefusheni sentimita tano hadi kumi. Kwenye tindiga gongo linatangulia mguu, linapima kina.

Wanaokwenda Kilimanjaro na Mlima Kenya, chukueni pasipoti au kitambulisho halisi, si picha kwenye simu, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni na getini wanataka kuona karatasi. Cheti cha homa ya manjano kiwe humo humo. Kwenye Mlima Kenya, kilele cha Lenana, mita 4,985, hakihitaji kamba kwa kawaida. Batian na Nelion ni za wakwea miamba. Mizigo ya wapagazi Kilimanjaro inapimwa kwa mizani, kilo 20 ndiyo kikomo, kwa hiyo begi lenu liwe kilo 15 au pungufu, maana mpagazi naye ana vya kubeba. Wa mbali zaidi, Alpi au Nepali: someni bima yenu mstari kwa mstari, nyingi zina kikomo cha urefu wa mlima ambacho ukishakipita hazilipi. Kwenye ndege vaeni buti zenu mguuni. Koti linaweza kuazimwa Kathmandu, buti iliyoizoea miguu yako haiazimwi. Mitungi ya gesi haipandi ndege kabisa, nunueni huko huko.

Siku ya kushuka kutoka Guy Yeoman, kateni kucha za miguu usiku wa kuamkia, kazeni kamba za buti juu ya kifundo na mlegeze vidoleni. Mkifika nyumbani, osheni tope lote kwenye soli kabla ya kwenda mlima mwingine, kwa sababu limebeba mbegu. Buti msizikaushe juani wala kando ya sigiri. Ngozi inapasuka na gundi inaachia. Jazeni magazeti ndani, mbadilishe asubuhi na jioni, siku tatu.

Maswali tutayapokea tukiwa tumesimama. Gambuti za kujaribu ziko nyuma ya ukumbi, namba 38 hadi 45, na ngazi ziko pale nje. Vaeni soksi mbili kwanza.